Filamu Iliyowapa Wanaume Nyumba Zetu

Jumamosi mchana nilimpeleka binti yangu kwenye ukumbi mmoja hapa Garissa kutazama filamu iliyotokana na riwaya niliyoipenda nikiwa mtoto. Nilitoka na hasira, na bado ninayo, rafiki yangu, kwa hivyo nivumilie.

Riwaya hiyo alitusomea mwalimu wa Kiswahili kule Rhamu, nakala moja darasa zima. Jioni nilikuwa nikimsimulia ayeeyo, bibi yangu, kwa Kisomali, yeye akifukiza chombo cha maziwa kwa kaa la moto, mimi nikilamba samli na sukari kwenye anjera. Mwisho wake ulikuwa hivi: mume anataka kuoa mwingine, anamwambia mkewe atoke kwa nyumba yake. Mke anainuka, anaifungua aqal, nyumba yao ya kuhama nayo, fundo kwa fundo, anapakia miti na mikeka yote juu ya ngamia, anamwacha bwana ameketi juani. Ayeeyo alicheka mpaka chombo kikamponyoka.

"Babu yako nilimwachia birika," akasema. "Na lilikuwa linavuja."

Kisha akanifundisha kazi: kupinda mizizi ya mgunga ikiwa mibichi, kusuka mikeka ya kuezekea, kufunga fundo ambalo mwanamke atalifungua peke yake. Aqal ilijengwa na mwanamke na ilikuwa yake. Mwanamume alilala humo akiwa na adabu.

Sasa filamu. Haki yake nitaipa. Ngamia ni wa kweli, kengele zao za mbao zilinitoa machozi, na vumbi lile ni la Rhamu kabisa. Kitabu hakikuwahi kunipa sauti hiyo. Lakini mwisho wameuharibu. Wanaume ndio wanaobomoa aqal, wanaume ndio wanaopakia, na mke amekaa pembeni analia, kucha safi kama za bibi harusi, muziki ukimsaidia kulia. Hakuna mama hata mmoja wa kwetu aliyeulizwa.

Jirani yangu wa kiti cha pili alijipangusa machozi kwa mtandio. "Walahi imenigusa."

"Wewe hata ukipigwa kofi," nikamwambia, "wakiweka muziki utafurahi."

Ndipo binti yangu akauliza, ukumbi wote ukisikia, "Hooyo, kumbe aabo alisema ukweli? Nyumba ni yake?"

Maana wiki hiyo baba yake, anayeposa mke wa pili, alikuwa ameniambia nitoke, mtoto akisikia.

Tulipofika nyumbani mtaani Waberi nilishusha mapazia, nikakunja mazulia, nikabeba mito na jiko. Mume wangu akasimama mlangoni, akagonga ukuta wa mawe kwa kidole.

"Na hii utaipakia kwa tuktuk?"

Nilimwachia birika. Zima, kwa bahati mbaya.

Sasa tuko kwa mama. Mapazia yamekunjwa kwenye kona, hakuna dirisha la kuyatosha. Aqal zimekwisha, na waliotufundisha kuzifunga tumewazika. Juzi nilimsimulia binti yangu mwisho wa kweli, ule wa kitabuni. Alisikiliza mpaka tamati, kisha akaniuliza ngamia tutamtoa wapi.