Maji Yaliyompiga Mume Wangu

Mume wangu hakuwahi kuonja uraka, ile pombe ya mabibo, maishani mwake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuumiza, na kwa sababu mpaka leo, uzee wote huu, damu inanichemka nikikumbuka jinsi neno moja la mzungu lilivyomgeuza mlevi mbele ya watu wake.

Tulikuwa Newala, miaka ile ya mwisho ya Waingereza. Bwana tuliyemtumikia alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, na nyuma ya nyumba yake alikuwa amejengesha bwawa la kuogelea. Newala, jamani! Mahali ambapo sisi wanawake tuliamka gizani tukateremka bondeni na madebe, tukapanda tena mlima shingo zimekakamaa, ili watoto wapate maji ya kunywa na ya ugali. Lori la barabara lilikwenda bondeni kuchota maji ya kujaza shimo lile, ili watu wawili na mtoto wao waogelee. Jirani zangu waliniuliza, "Eti ni kweli wanaingia tu humo, halafu wanatoka?" Niliona haya kujibu, kana kwamba bwawa lilikuwa langu.

Mimi nilikuwa yaya wa binti yao, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. Mume wangu alitunza bustani na kusafisha bwawa. Alikuwa mtu wa Lulindi, mjukuu wa wale waliobatizwa mwanzo kabisa, na kila Jumapili yeye ndiye aliyesoma somo kanisani. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole. Watu walimjua kwa sauti hiyo.

Nyuma ya bwawa palikuwa na injini ya umeme, na karibu yake pampu ya kuchuja maji. Pampu iliwashwa asubuhi wakati wa kusafisha, ikazimwa kabla wenyewe hawajaingia kuogelea. Asubuhi moja ya kiangazi mume wangu alishika ngazi ya chuma ya bwawa, miguu mitupu juu ya saruji yenye maji, akarushwa nyuma. Nilimkuta ameketi chini, ameukumbatia mkono wake wa kulia.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Ngazi imenipiga. Mkono wote umekufa ganzi."

Alikwenda kumwambia bwana pale pale. Nilikuwa barazani na mtoto, nikasikia yote. Mume wangu alisema kwa adabu, kofia mkononi, kwamba kuna umeme ndani ya maji. Bwana alicheka. Akasema yeye huogelea humo kila wiki na hajawahi kupigwa na kitu. Akasema Waafrika wanaogopa maji tangu kuzaliwa.

"Rudi kazini," akamwambia.

Kesho yake alirudi, akapigwa tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Akaweka ufagio chini, akasema hataingia mle mpaka aletwe fundi. Bwana alimsogelea, akamnusa mdomo. Alimnusa, kama mtu anavyonusa nyama ya jana! Halafu akatangaza mbele ya mpishi na dereva, "Huyu amelewa uraka wake tangu asubuhi. Nenda zako. Usirudi."

Mume wangu alivaa kofia yake akaondoka. Yule mpishi, mzee wa Chilangala, alinong'ona jikoni, "Mwanangu, mumeo ni mzima kabisa. Kila mtu hapa anajua." Nikamwambia, "Basi, mzee wangu, kaseme." Akatazama sufuria yake. Sikumlaumu sana, naye alikuwa na watu wa kulisha.

Kama ingeishia hapo, labda ningesahau. Lakini bwana alikunywa chai na padri wetu, naye padri alikuwa mzungu mwenzake, na habari ikapita mezani pamoja na biskuti. Jumapili iliyofuata mume wangu aliitwa pembeni kabla ya ibada, akaambiwa asisome, wala asije kwenye Meza ya Bwana mpaka atakapotubu ulevi.

"Padri, sijanywa," alisema.

"Mwajiri wako hana sababu ya kudanganya," padri akajibu.

Sasa niambieni, mume wangu naye alikuwa na sababu gani? Amekulia kanisani, anajulikana na kila mtu, lakini hakuulizwa hata jirani mmoja. Alikaa benchi la nyuma, mtu mwingine akasoma kwa kugugumia. Nilibana meno mpaka taya zikaniuma.

Mimi niliendelea na kazi, kwa kuwa nyumba yetu ilihitaji mmoja wetu abaki na mshahara. Dereva ndiye aliyepewa kusafisha bwawa. Alitumia mti mrefu, akiwa amevaa viatu vya mpira, wala hakugusa ngazi hata kidogo. Alikuwa amesikia vizuri kuliko bwana wake.

Alasiri moja ya vumbi memsabu, mke wa bwana, aliona maji yamechafuka, akaamuru pampu isizimwe wakati wa kuogelea. Akavaa nguo zake za kuogelea, akaniambia, "Mlete mtoto."

Nilimwinua mtoto nikamkumbatia, nikasimama pale pale kwenye majani makavu. "Hapana, mama."

"Umesema nini?"

"Simtii mtoto kwenye maji haya. Mume wangu alisema yanapiga, na mume wangu si mlevi."

Uso wake ukawa mwekundu. Akanijia kunipokonya mtoto, nami nikarudi nyuma. Nikamwonyesha bwawa kwa kidevu. "Shika ngazi ile kwanza wewe mwenyewe. Ukiona ni salama, nitakupa mtoto, na kazi yako nitaiacha."

Alikwenda kwa hasira, nadhani ili kunionyesha ujinga wangu. Akaigusa kwa vidole. Alipiga ukelele ambao mpishi aliusikia jikoni, akaanguka kwa magoti, mkono kifuani. Nilipaza sauti kumwita dereva azime injini. Memsabu hakuumia sana. Alilia tu, akiniangalia mimi na mtoto wake mikononi mwangu.

Fundi aliitwa siku ile ile! Kesho yake alasiri akaja Singasinga mmoja wa Lindi, mtu mnene wa maneno machache, na kisanduku chake chenye mshale wa kupimia umeme. Jambo la kwanza aliuliza, "Nani alipigwa mwanzo?"

"Boi mmoja. Nilimfukuza," bwana akasema.

"Mwite. Nataka kujua alisimama wapi."

Mume wangu akaja na jembe begani, akaonyesha. Fundi aliweka waya mmoja kwenye ngazi na mwingine kwenye saruji yenye maji, pampu ikiwa imezimwa; mshale ukalala. Pampu ilipowashwa mshale ukaruka. Akazima, akafungua pampu. Ndani yake waya ulikuwa umechubuka hadi shaba ikagusa chuma, na umeme ulipita kwenye bomba mpaka kwenye ngazi na maji. Kisha akafuata waya wa ethi, ule unaopaswa kuupeleka umeme ardhini. Nondo yake ilichomekwa kwenye mchanga mkavu kama unga. Akamwaga ndoo nzima ya maji juu yake, akawasha pampu na kupima tena, mshale ukashuka; kisha akaizima.

"Masika ardhi ilikuwa na majimaji, ikaumeza umeme," alisema. "Kiangazi haiwezi. Bwana, huyu mtu angekufa hapa."

Bwana aliwasha sigara. Akamwambia mume wangu, "Basi, njoo kazini kesho."

"Nitakuja, bwana, ukimwambia padri kwamba sikuwa nimelewa."

"Nimekurudishia kazi. Unataka nini tena?"

Mume wangu akachukua jembe lake, akaondoka. Nami nikavua aproni, nikaitundika kwenye ile ngazi, nikamfuata.

Njiani gari la fundi likatukuta. Nilinyoosha mkono likasimama. Nilimweleza habari ya kanisa, mume wangu akinivuta nguo ninyamaze. Singasinga akazima gari. "Mimi si mtu wa dini yenu," akasema, "lakini hili naweza kulisema." Akatupakia, akaingia kwa padri na mikono yake ya grisi, akaeleza kila kitu akiwa amesimama mlangoni.

Jumapili mume wangu alisoma somo. Padri alisema mbele ya watu kwamba palikuwa na kutoelewana. Kutoelewana! Fundi aliyemjua mume wangu kwa muda wa alasiri moja, tena asiye Mkristo, aliaminiwa mara moja. Maneno ya mume wangu mwenyewe, pamoja na miaka yake yote kanisani, hayakuwa na uzito wowote. Bwana hakuja kuomba radhi, na hatukumwona tena mpaka alipohamishwa.

Baada ya ibada padri alisimama mlangoni akiwaaga watu. Mume wangu alimpa mkono, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Mimi nilitoka kwa mlango wa pembeni.