Kitambaa Kwenye Mkono wa Mkwe Wangu

Begi lilikuwa nyuma ya mlango. Binti yangu alilipanga jioni, nguo zake na za mtoto, akalifunga zipu, akaliacha pale ili kila anayeingia alione. Mumewe aliliona. Mimi nililiona. Mtoto alilikalia akalifanya farasi.

Asubuhi, kabla hajaenda kazini, binti yangu alimfunga mumewe kitambaa kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Akakaza fundo mara mbili. Kisha akamwambia, bila kupaza sauti:

"Baba Bosi, leo uko naye peke yako. Ukimsahau tena, jioni naondoka naye. Sitagombana na wewe. Naondoka tu."

"Nimesikia."

"Kusikia unasikia kila siku."

Mkwe wangu aligusa fundo. Alijua ni kweli.

Bosi ni mjukuu wangu. Yuko kwenye ule umri wa kusema kila kitu na kutosikia chochote. Jina alipewa na marehemu bibi yake, kwa sababu akitaka maji haombi, anaagiza.

Mkwe wangu mtaani wanamwita Redio. Ni fundi wa makochi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba, na mlango wake unatazama barabarani. Utamkuta anakueleza habari ya mbao, katikati kahamia kwenye mpira, mwisho yuko kwenye jino linalomuuma. Mke wangu alikuwa akisema, redio hii hakuna anayeigusa, inabadilisha stesheni yenyewe. Naye Redio alicheka kuliko wote. Ni mtu wa kucheka. Ndiyo maana tulichelewa kujua kwamba anaumia.

Kusahau kwake si kama kwangu mimi mzee. Anakwenda kuzima jiko, njiani anaona bawaba imelegea, anatafuta bisibisi, anakuta saa mbovu, anaifungua saa. Chakula kinaungua naye yuko palepale, kapiga magoti, anafurahia saa. Siku moja alikwenda na Bosi kwa kinyozi, akarudi nyumbani na kichwa kizuri. Kinyozi ndiye aliyemleta mtoto. Juzi tena alimwacha dukani, amelala juu ya magunia. Hapo ndipo begi lilipotoka uvunguni.

Hospitali alishakwenda. Daktari alimwambia ni upungufu wa umakini, amezaliwa nao, si ukaidi wala si uvivu. Kitu kidogo kikipita mbele yake, kile kikubwa alichokuwa nacho kinatoka. Kuna kidonge anameza asubuhi. Kinamsaidia, lakini hakimfungi kamba. Siku aliporudi na maneno hayo binti yangu alilia, na mke wangu alisema, "Basi tumejua. Sasa tufanyeje?" Ndivyo alivyokuwa. Akaingia chumbani, akatoka na kilemba chake cha kijani, akakichana.

Utaratibu aliuweka yeye. Mwenye mtoto ndiye mwenye kitambaa. Kikiwa mkononi mwako, mtoto ni wako, hata akiwa amelala. Hujifungui mwenyewe. Anayekuja kumchukua mtoto ndiye anayekifungua, anajifunga yeye, anasema, "Nimempokea." Mkono ukiwa mtupu, maana yake mtoto ana mtu mwingine. Mkwe wangu alikipenda kitambaa kile. Alisema ndicho kitu pekee kinachomfuata kila anakokwenda. Na mambo yalikwenda, maana kutwa nzima kitambaa kilikuwa mkononi mwa mke wangu.

Sasa hayupo.

Siku ile nilikwenda makaburini kung'oa majani. Nilimwambia mkwe wangu ninakokwenda. Nikamgusa kitambaa.

"Kipo, baba," akasema.

Bosi alikuwa sakafuni, anakivisha kipande cha sponji gauni. Akaniagiza nisirudi na matope.

Sikukaa sana. Kaburi bado jipya, majani si mengi. Nilizungumza naye kidogo nikarudi.

Nilisikia mluzi kabla sijafika mlangoni. Nikafurahi, kwa sababu akipiga mluzi siku ni nzuri. Nikaingia. Alikuwa ameinamia kiti cha mteja, kile kilichovunjika mkono, anapiga msasa mguu wa kiti, vumbi la mbao limemjaa nyusi. Kazi safi. Sakafuni kimya. Sponji yenye gauni ilikuwa imelala kifudifudi.

Nikatazama mkono wake wa kushoto. Mtupu.

Nikamuuliza Bosi yuko na nani.

"Si yuko na wewe, baba?" Hakuinua hata kichwa. Aliunyoosha ule mkono, akanionyesha. "Ulishampokea."

"Mimi ndio naingia."

Aliinuka polepole. Msasa ukamponyoka. Najua uso wa mtu anayepewa habari ya msiba. Mimi nilipewa yangu nimesimama kwenye korido ya hospitali, mbele yangu kuna dirisha, nikajiona kwenye kioo. Uso wake ulikuwa ule.

Tulitafuta. Uvunguni, kabatini, chooni. Pipa la maji alilikimbilia yeye, akazamisha mkono mpaka begani, nami nikashika ukuta. Maji tu. Jirani yetu mshonaji alisimamisha cherehani. Akasema mtoto hajapita, na yeye anamwona kila anayepita, hata wasiotaka kuonwa. Lakini aliposema hivyo alikuwa tayari anachungulia chini ya meza yake. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Nje yake ni barabara, na malori yanashuka mteremko kama yanafukuzwa.

Nilikwenda mpaka kwenye mtaro wa barabara nikainama kutazama chini. Sitaki kusema nilitegemea kuona nini.

Niliporudi ndani ndipo nilipokiona kitambaa. Kilikuwa kwenye kiti. Mkono wa kiti ulikuwa umetiwa gundi, na kiungo chenye gundi lazima kibanwe mpaka kikauke. Siku zote anatumia kamba ya mpira. Kamba ilikuwa imepotea, kama vitu vyake vyote. Basi alipokuwa amekishika kiungo kwa mkono mmoja, akafungua fundo kwa meno, akazungusha kitambaa pale, akapitisha kijiti, akakisokota mpaka kikabana. Kazi ya fundi hasa. Na hakujua kama ameifanya. Baadaye akauona mkono wake mtupu, moyo ukamtulia, akaanza kupiga mluzi.

Nilimwonyesha kwa kidole. Alikitazama. Nilidhani ataanguka. Badala yake akasimama wima, akafumba macho.

"Usiniambie neno, baba."

Akaanza kurudi nyuma kwa mikono. Sijui niseme vipi. Kichwa chake hakishiki, lakini mikono inashika. Alitembea amefumba macho na mikono inarudia kazi yote hewani. Hapa alipaka gundi. Hapa alipapasa kutafuta kamba. Hapa alisokota. Hapa mwenye mkokoteni alipiga hodi, naye Redio akamwambia mzigo ni ule pale, achukue. Akafika kando ya mlango, mahali ilipokuwa imepangwa mito ya kochi la mwalimu mmoja, mteja wake. Mito haikuwepo. Akachuchumaa, akapapasa sakafu. Mkono ukatoka na kiatu kimoja, kidogo.

"Mito," akasema. "Analala kwenye mito."

Akakimbia.

Miguu yangu si ya kukimbia, lakini nilikimbia. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba mkokoteni ulipakiwa mlangoni, mwenyewe akaenda kwa mshonaji kuomba maji ya kunywa, na bila shaka hapo ndipo Bosi alipoifuata mito yake akajichimbia katikati; mwenyewe akarudi, akatandika turubai juu ya mito kwa sababu ya manyunyu, akakaza kamba, akaondoka. Wakati ule mimi nilijua mambo mawili tu. Turubai la mkokoteni ule, analofunika kila kukiwa na manyunyu, ni la plastiki, halipitishi hewa. Na watu wa mikokoteni wakifika kwa mteja na mzigo laini hawashushi kimoja kimoja. Wanainua mikono ya mkokoteni juu, wanamwaga.

Mimi ningefuata barabara. Mkwe wangu hakufuata barabara. Mtu huyu ukimtuma chumvi anapotea, lakini siku ile alikata uchochoro wa nyuma ya shule, akaruka mtaro, akatokea chini ya mteremko mbele ya mkokoteni. Akili ilikuwa imenyooka kama uzi wa mwashi. Mke wangu aliwahi kuniambia, nyumba ikishika moto mfuate Redio. Nilidhani anatania.

Nilipofika alikuwa amesimama katikati ya lami, mikono ameitanua, lori linampigia honi mgongoni. Mwenye mkokoteni alikuwa ameegemea mzigo wake anacheka.

"Redio, hiyo mito umeilisha nini leo? Imeniua mgongo."

"Weka chini. Polepole. Usiinue."

Kicheko kikamkauka. Alishusha mkokoteni kama anaweka yai. Mkwe wangu alikuwa na kisu cha kukatia sponji mfukoni. Akakata kamba, akafunua turubai, akatoa mto wa kwanza. Akatoa wa pili. Chini yake zikaonekana nywele.

Alikuwa amelowa jasho, gauni limemganda. Hakutikisika. Baba yake akaweka sikio kwenye mdomo wake. Lori likapita, na jingine. Mimi nilimwita mke wangu kwa jina lake, kimoyomoyo, kana kwamba yuko karibu.

Bosi akapiga chafya. Akafumbua jicho moja, akaona mwanga.

"Zima taa," akaagiza.

Mwenye mkokoteni alikaa palepale kwenye lami akashika kichwa. Mkwe wangu alimchukua mtoto akamkumbatia. Mikono yake ilimshika barabara.

Tulirudi kwa miguu. Hakumweka chini hata mara moja, ingawa mwenyewe alidai kutembea, akadai na kiatu chake. Njiani nilisema nilichokuwa nacho. Nilisema mtoto mzima, mama yake hajui, mshonaji nitaongea naye mimi, yule wa mkokoteni hana sababu ya kujitangaza. Nyumba ile wakiondoka nitabaki na kuta. Hilo sikulisema, lakini ndilo nililokuwa nasema.

Alimhamishia mtoto bega la pili, akanijibu.

"Nikinyamaza, baba, wiki ijayo nitakuwa nimesahau jinsi nilivyoogopa. Mke wangu hasahau. Acha hofu hii akae nayo yeye."

Binti yangu anafua mashuka ya hospitali. Jioni anaingia na harufu ya sabuni, vidole vimejikunja kwa maji. Alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda kando ya begi, mtoto mapajani. Kabla hajavua viatu, mumewe alianza kumweleza. Alieleza yote, toka gundi mpaka chafya. Hakuhama stesheni hata mara moja. Nilikuwa sijapata kumsikia hivyo.

Alipofika kwenye kiatu, mkewe alimchukua mtoto. Akampapasa shingo, mbavu, vidole kimoja kimoja. Kisha akashika mkanda wa begi.

Hakuna aliyemzuia. Mumewe alisimama akamsogezea mlango ili apite vizuri. Hilo lilinichoma kuliko kilio.

Akafika kizingitini, akasimama.

"Kitambaa cha mama kiko wapi?"

Mumewe akamwonyesha kiti. Akaenda, begi begani, mtoto kiunoni. Alijaribu kukisokotoa. Gundi ilikuwa imeshapenya. Akavuta, kikatoka nyuzi nyuzi, kijani kikabaki kwenye mbao. Akavuta tena. Hapo ndipo alipolia, amesimama na nyuzi mkononi, na hata sisi hatukujua analilia kipi.

Niliingia chumbani. Sanduku la mke wangu sikuwa nimeruhusu mtu aliguse tangu tulipomzika. Nililifungua. Harufu ilikuwepo bado. Juu kabisa lilikuwa gauni lake la bluu, lile la kwendea mahali. Nikalitoa, nikachukua na mkasi wa karakana, nikavipeleka.

Binti yangu alinitazama. "Baba, una hakika?"

"Kata."

Akaweka begi chini ili apate mikono. Akakata pindo lote, refu. Mumewe alikuwa anatazama kama anavyotazama kochi lililobomoka, anatafuta pa kuanzia.

"Mkononi nalifikia fundo," akasema. "Meno yanafika. Nifunge kifuani, fundo liwe mgongoni, katikati ya mabega. Na uache mkia mrefu, aushike Bosi."

"Kama mbuzi?"

"Mbuzi ni mimi. Yeye ndiye mchungaji."

Binti yangu hakucheka. Alimzunguka mumewe, akamfunga. Alikaza mpaka mumewe akaguna. Mkia akampa Bosi, na Bosi hakuuliza ni wa nini. Aliuvuta kwa nguvu zake zote.

"Twende," akamwambia baba yake, na baba yake akaenda, mpaka jikoni, mpaka chumbani, mpaka mlangoni tena, ameinama kidogo ili mkia ufike.

Binti yangu aliwatazama wanapita. Akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba kesho akirudi ataangalia fundo. Likiwa lile alilolifunga yeye, atalala hapa. Likiwa lingine, begi liko palepale.

Na begi lilibaki nyuma ya mlango. Ila kabla ya kulala alilifungua zipu kidogo, akatoa nguo ya mtoto ya kulalia.