Siku Udongo Wangu wa Kula Ulipowekwa Mezani kwa Maprofesa

Jamani, mkasa huu nilikusudia kufa nao, lakini kwa kuwa mume wangu ameshaanza kuusimulia kwenye shughuli za watu (tena anaongeza na ya kwake), bora niuseme mwenyewe ulivyokuwa. Mpaka leo nikiukumbuka masikio yanapata moto, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Kazi yangu mimi ni udongo. Watu wa hapa Ilford ninapoishi wakiniuliza nafanya nini London, nikiwajibu natafiti mmomonyoko wa udongo, wananitazama kwa huruma, kana kwamba nimetolewa Tanzania nije kulima bustani za Wazungu. Lakini ndiyo kazi yenyewe: mvua ikisomba udongo wa juu kwenye vilima vya kwetu Kondoa, ile kaboni iliyokuwa ndani yake inakwenda wapi, inazikwa bondeni ikatulia, au inarudi hewani kutuongezea joto? Swali hilo nilianza nalo nikiwa mwanafunzi Morogoro, likanipandisha ndege, likanileta kwenye maabara ya chuo kimoja hapa mjini, na sijawahi kulichoka hata siku nilizorudi nyumbani na tope masikioni.

Sasa kipindi hicho mkataba wangu ulikuwa ukingoni. Lilikuwa linakuja jopo la wataalamu kuamua kama utafiti wetu uendelee au ufungwe, na ukifungwa sina kazi, na bila kazi sina viza, yaani ni kufunga mabegi. Halafu nina mimba. Ofisini hakuna aliyejua, nilijiambia nitaificha mpaka mkataba usainiwe, maana nani atampa kazi mtu anayekaribia kwenda likizo ya uzazi? (Sheria ya huku hairuhusu kumnyima, najua, lakini mtu mwenye woga anasoma sheria saa ngapi?)

Na mimba ile ilipenda kitu kimoja tu: udongo. Si wa kazini, hapana, huu wa wajawazito, vile vipande vya kahawia vinavyouzwa sokoni kwetu, vimekaushwa kwa moshi na kutiwa chumvi kidogo. Jirani yangu Mama Zuhura, mtu wa Tanga, kila msafiri anayetoka nyumbani humletea kitu, ubuyu, dagaa, na huo udongo pia. "Kula, mwanangu," aliniambia huku akinijazia mfuko, "si wewe unayetaka, ni mtoto." Nikala. Nilikula asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya wali, na katikati nilikuwa naunusa tu.

Basi siku ya jopo nilijiambia siwezi kupita siku nzima bila kipande. Ila mfuko wa Mama Zuhura ulikuwa ule wa plastiki unaoonyesha kila kitu, nikaona aibu kukaa nao kwenye treni, nikamimina udongo wote kwenye mfuko wa sampuli wa maabara, ile mifuko myeupe ambayo haikosi kwenye mkoba wangu. Nikajiona mjanja kweli. Nilipofika nikauficha kwenye droo yangu, maana maabara yetu ni marufuku kuingia na chakula (nilishajishawishi kwamba udongo si chakula), halafu nikakimbilia chooni kutapika kama kawaida yangu ya asubuhi.

Nilipotoka, ukumbi umejaa. Jopo limekaa mbele, wafanyakazi wenzangu nyuma, na kwenye skrini kubwa ukutani wapo washirika wetu wa Tanzania, mbele yao Mama Mushi, mwalimu wangu wa zamani. Mezani zimepangwa sinia nyeupe, kila moja na udongo wa sehemu yake: msituni, shambani, bondeni, na korongoni, ili wageni waone na kushika. Marek, fundi wetu wa maabara, mtu wa Poland mwenye roho nzuri mno, akaniinamia sikioni. "Nimekuokoa," akaninong'oneza. "Ule wa korongoni sikuuona mahali pake, nimeukuta kwenye droo yako."

Nikatazama sinia ya mwisho. Vipande vyangu vya kahawia vimepangwa vizuri, vingine nilishaving'ata pembeni.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi, mdomo ninao, na lugha naijua. Lakini mwenyekiti ameshasimama anakuja mezani, nikajiambia, si kutazama tu, nani ataujua? Nilisahau jambo moja kuhusu watu wetu wa zamani wa fani hii. Mtaalamu wa udongo wa siku zile haamini mashine peke yake: anachukua chembe, anailowanisha, anaisugua kwa vidole, kisha anaitia kwenye meno ya mbele, ikikwaruza anajua kuna mchanga, ikiteleza anajua ni udongo wa mfinyanzi, halafu anatema kwenye leso. Na mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa namna hiyo hasa. Akaonja wa msituni, akatema. Wa shambani, akatema. Wa bondeni, akatema. Akafika kwa wangu, akang'ata, akasita. Akatafuna. Akameza.

"Huu una chumvi," akasema.

"Kule mvua ni chache," nikajibu haraka, "chumvi hupanda juu." (Uongo wa kwanza.)

"Na unanukia moshi."

"Wakulima huchoma majani." (Wa pili huo.)

Mama mmoja wa jopo akafungua ripoti yangu, akaishusha miwani puani. "Lakini umeandika hapa kwamba hakuna sehemu yoyote iliyochomwa moto, na chumvi hukuitaja. Kama palichomwa, mkaa ule si unavuruga hesabu yote ya kaboni?"

Na alikuwa amesema kweli. Nikaona miaka yangu yote, vile vilima nilivyovipanda juani, wale vijana waliochimba na mimi, vyote vinakwenda na maji kwa ajili ya vipande vya Mama Zuhura. Nikamgeukia bosi wangu, Profesa Helen (huku wote humwita Helen, ulimi wangu unagoma, mimi ni Profesa mpaka leo). Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananiogopea mimi, na hicho ndicho kilichonimaliza.

"Samahani," nikasema. "Huo si wa Kondoa. Data zangu ni sahihi. Huo ni wangu mwenyewe. Ni wa kula."

"Wa kula?" akauliza mwenyekiti, kipande bado kiko mkononi.

"Mimi ni mjamzito."

Mara vikalia vigelegele. Vilitoka kwenye skrini, kwa sauti ya juu kabisa ya spika, Mama Mushi kasimama, wanafunzi nyuma yake wanaangua kicheko. "Hongera, mwanangu! Na mimi nilikuwa najiuliza, mbona uso umejaa hivyo! Ina miezi mingapi?" Jopo lote likanigeukia kuuliza yule mama anasema nini, na mtafsiri nani tena? Ni mimi. Nikawatafsiria kwamba anauliza mimba ina miezi mingapi, kisha ikabidi nijibu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Mwenyekiti akajifuta mdomo taratibu. "Kazi hii imenionjesha udongo wa nchi nyingi," akasema, "huu ndio wa kwanza niliotamani kurudia." Wakacheka, nikacheka na machozi yananitoka, Marek akatoka mbio akarudi na sampuli halisi ya korongoni, mzee akaonja, akatema, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaendelea na maelezo yangu. Nawaambieni, sijawahi kuzungumza vizuri kama siku ile, maana sikuwa tena na kitu cha kuficha.

Jioni Profesa Helen akaniita ofisini, akafunga mlango. Nikajua nimekwisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa mtamtafuta mwingine."

Akasema, "Mwanangu wa kwanza nilimficha hivyohivyo. Nilikuwa navaa makoti wakati wa joto. Sikutaka mtu yeyote wa maabara yangu apitie yale." Mkataba ulisainiwa, na likizo ya uzazi ndani yake. Nilipokuwa nasimama kuondoka akaniuliza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Huo udongo wako, umepimwa?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Marek aliupitisha kwenye mashine. Ulikuwa na madini ya risasi, yale yenye sumu, si ya kiasi cha kumpa mtu yeyote, sembuse mwenye mimba. Nikakimbilia kwa mkunga, wakanitoa damu, wakaniambia nimewahi, na kwamba damu yangu ilikuwa chini ndiyo maana nikatamani udongo. Wakanipa vidonge, hamu ikaisha. Mama Zuhura mwanzoni alibisha, "Mbona mabibi zetu wamekula?" lakini nilipomweleza majibu ya mashine aliumwaga wake wote kwenye pipa la taka, akanikumbatia mlangoni akilia.

Niliwapimia watu udongo wa mashamba yao miaka yote hiyo, ule niliokuwa nampa mwanangu sikuupima. Nimeapa sitatia tena mdomoni kitu ambacho sijui kina nini, na habari njema sitaificha tena kama kosa. Binti yangu ni mzima, ana mashavu na kelele, namshukuru Mungu, na Profesa Helen, na yule mzee na meno yake.

Marek bado ananiomba radhi kila tukipishana kwenye korido, kwa kufungua droo yangu bila ruhusa. Nimemwambia aache. Nimemwambia afungue tu.