Kaseti Niliyomwazima Mwingereza

Mwingereza alianguka kwenye ngazi siku ya pili tu ya kazi yake Houston, akavunjika mguu, nami nikatumwa kumuuguza katika nyumba aliyopangishiwa. Alikuwa msanii, lakini hachori wala hachongi. Kwao alianza kwa kukusanya vikombe vya chai vya majirani na kuvipanga ukumbini. Baadaye zikaja funguo za nyumba zilizobomolewa, kisha viatu vya watu waliohama. Sanaa yake, alisema, ni wazo: kitu cha mtu kikishatazamwa na wengi, hakina tena mwenyewe.

“Kwetu huyo anaitwa mwizi,” nilimwambia nikimfunga bendeji. Akacheka mpaka mto ukaanguka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Wiki ya sita nikamsimulia habari za kaseti. Mama yangu hakupenda kuandika barua. Alijirekodi, akampa mtu aliyekuwa anakuja Arlington, nilikoishi wakati huo, aniletee. Anakohoa, anamfukuza mbuzi wa jirani, ananiuliza kama nimekonda na kunionya nisimdanganye. Alifariki kabla sijamjibu. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote duniani. Msanii akaomba akae nayo wiki moja, atoe nakala. Siku hizo nilimwona kama ndugu. Nikamkabidhi, nikasema, “I have borrowed you.” Kwetu anayetoa na anayepokea wote wanaazima, neno ni moja. Kiingereza kina mawili, lend la anayetoa na borrow la anayepokea, nami nilichukua lisilo langu. Hakunisahihisha. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Mguu ukapona, nikapangiwa mgonjwa mwingine. Kila nilipompigia simu aliniambia nakala bado. Kisha ikaja kadi ya mwaliko wa maonyesho.

Maneno yangu yalikuwa ukutani kwa taa nyekundu, kila herufi ndefu kuliko mimi: I HAVE BORROWED YOU. Chini yake utepe wa kaseti ulikuwa umevutwa wote, umekatwakatwa, umetundikwa kwenye misumari kama nyama inayokaushwa. Watu walishika glasi za mvinyo wakiusifu.

“Nakala iko wapi?” nilimuuliza.

“Ningenakili, wazo lingekufa,” alisema kwa upole, kana kwamba sasa mgonjwa ni mimi. “Mama yako anaonekana na watu wote.”

“Sikukupa aonekane. Nilikupa umsikie.”

Nilisalitiwa, sina neno jingine la kuliita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba ni wewe uliyekiosha na kukikata kucha.

Akatia mkono mfukoni, akanipa ganda la kaseti, tupu, na juu yake mwandiko wa mama: Upande wa kwanza. Aliahidi atarudisha, akarudisha.

Garini nikaitia kwenye redio. Ikaitema. Nikairudisha, ikaitema tena. Barabara ya kwenda Katy, ninakoishi, ni ndefu, nami niliirudisha kaseti njia nzima.