Nilimkatia rafiki yangu chorus zote kwenye kaseti, Kigali 1991, nusura imtoe roho

Wakuu, heshima kwenu, wapenda magitaa na hata mnaoyaita makelele.

Nimesoma mnavyobishana humu kama chorus za heavy metal zinarudiwa kupita kiasi. Kuna mmoja kaandika kwamba chorus ikizidi mara tatu ni uvivu wa mtunzi. Nimecheka mwanzoni. Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na miaka ishirini na moja, na mtu karibu afe.

Naandika kama yalivyotokea. Chumvi sina, na hata ningekuwa nayo, kwa jambo hili nisingeitia.

Nilizaliwa Nyamirambo, Kigali. Baba alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa na kubaki. Nyumbani tuliongea Kiswahili, mtaani Kiswahili na Kinyarwanda, shuleni Kifaransa.

Kiingereza hatukuwa nacho. Shikeni hapo kwenye Kiingereza.

Vita vilianza Oktoba 1990. Waliovianzisha waliingia kutoka Uganda, na Uganda ni Kiingereza. Basi ukawa huwezi kushika kitu cha Kiingereza, hata gazeti la kufungia maandazi, bila kujieleza. Barabarani zikawekwa bariyeri za wanajeshi. Unatoa kitambulisho, na kitambulisho kimeandikwa kabila lako. Watu walishushwa kwenye magari mchana kweupe, wengine tukawaona tena, wengine hatukuwaona.

Wazungu wengi wakafungasha. Mwalimu mmoja Mbelgiji, aliyekuwa akishonesha suruali kwetu, aliniachia katoni ya kaseti. Zote heavy metal, zote Kiingereza. Mtu mwenye akili angezichoma moto siku ile ile. Mimi nikazificha chini ya vitambaa, nikawa nasikiliza kwa sauti ya chini.

Pale dukani nilikuwa na redio ya deki mbili, narekodia watu kaseti. Wateja wote walikuwa wa rumba. Wa metal tulikuwa wawili tu, mimi na Deo.

Deo alikuwa fundi wa baba. Mkatoliki, mama yake mtu wa Kigali, lakini amekulia Bujumbura. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi. Mpole, ana mikono myepesi, anashona kola huku anaimba. Na anachoimba ni chorus. Siku nzima chorus.

Mimi ilikuwa inanikera vibaya sana.

Hoja yangu ilikuwa hii: metal ni gitaa na hadithi. Verse ndiyo inasema kitu, solo ndiyo inaonyesha fundi. Chorus ni mtu kukuambia jambo ulilokwisha kulisikia, tena kwa kupiga kelele. Deo alikuwa ananijibu kwamba sebene ya rumba inarudia dakika tano na mimi nacheza, sasa metal imenikosea nini? Halafu anasema wimbo bila chorus ni nyumba bila mlango, unauzunguka tu nje.

Tukabishana miezi. Baba akawa anatuambia tuna njaa ya matatizo, nchi ina vita sisi tunagombania makelele.

Siku moja Deo akaniomba nimrekodie kaseti yake mwenyewe, ya dakika sitini. Hapo ujuaji ukanipanda.

Mnaokumbuka deki mbili mnajua ufundi wa pause. Unaacha upande mmoja ucheze, upande wa kurekodi unaubana kwa kidole, unaachia unapotaka. Nikakaa mchana mzima nikimkatia kila chorus. Zote. Hata moja sikumwachia. Verse inafika mwisho, tk, inaruka kwenye verse nyingine. Juu ya kaseti sikuandika majina ya nyimbo, niliandika namba tu, moja mpaka kumi na tatu.

Ulikuwa utani. Nilitaka aisikilize mbali na mimi, aje kesho yake amenuna, tucheke. Wallahi sikuwa na zaidi ya hapo.

Kesho yake baba akamtuma Deo Kabuga, nje ya mji, kupeleka sare za shule. Deo akatia kaseti kwenye redio yake ndogo ya mkononi, akaondoka.

Saa tano hivi akaingia dukani mama mmoja muuza maharage, mtu wa Kabuga, tulikuwa tunamshonea. Hakukaa. Alisema alikuwa gari moja na Deo. Kwenye bariyeri wamesoma kitambulisho chake, wamefungua mfuko, wamekuta redio. Wakaiwasha. Wakasikia wanaume wanaongea Kiingereza kwa ukali, inakatika, wanaongea tena, inakatika. Wakamuuliza Deo kilichokatwa ni nini. Deo akasema ni nyimbo tu, kwa nini zimekatwa hajui, na kweli alikuwa hajui. Wakamuuliza namba zile ni za nini. Hajui. Wamempeleka kituoni, wanasema ile ni kanda ya maagizo.

Nikazima redio ya dukani.

Baba akanitazama. Alikuwa mtu wa kusoma uso, amepima watu miaka thelathini. Akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia. Nilitegemea kofi. Hakunipiga, na hiyo ndiyo ilinitisha zaidi.

Alisema tu, "Chukua kaseti yenyewe, isiyokatwa. Twende."

Wakuu, mnielewe nilichokuwa nakibeba. Tunakwenda kumtoa mtu aliyekamatwa na kaseti ya Kiingereza, na dawa yetu ni kaseti nyingine ya Kiingereza. Tukisimamishwa njiani, tumekwisha wote watatu. Niliitia ndani ya soksi. Baba alivaa kofia yake akatoka na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mtu wa pikapu akatupakia. Njia nzima baba aliweka mkono juu ya goti langu, amelibana.

Kituo sitakitaja. Mkubwa wake alikuwa ajida, cheo cha Kifaransa kama sajini, mnene kidogo, mtulivu, anaongea polepole. Mtu wa kupayuka unajua amefika wapi. Huyu hukujua.

Baba akasalimu kwa adabu zote, akamwita shefu, akaeleza kwamba huyu kijana wake mjinga ndiye aliyeharibu wimbo. Ajida akasikiliza kaseti yangu ya kukatwa, kisha ile yenyewe. Akarudisha, akasikiliza tena. Akaniuliza wanasema nini.

Sasa Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno la askari na neno la moto nilikuwa nayajua, na yalikuwemo. Nikadanganya. Nikasema ni mtu ameachwa na mchumba, analalamika.

Akasema kwa kulalamika huyu ana hasira.

Nikasema ndiyo shefu, alimpenda sana.

Hakucheka. Aliniambia niimbe kile kipande kinachorudiarudia. Maneno matano tu. Akabonyeza kaseti, ikafika mwisho wa wimbo ambapo chorus inarudiwa mara nne, nami nikaimba mara nne mbele ya meza yake, sauti inakwaruza kama ya mgonjwa. Akazima. Akasema nitoke uani, sasa aletwe mwenzangu, asikie ile iliyokatwa tu, kisha aimbe kipande kinachokosekana. Zikilingana ni wimbo. Zisipolingana, tumepanga uongo.

Kaseti aliyokuwa nayo Deo haikuwa na chorus hata moja, nimezifuta kwa kidole changu mwenyewe. Kama hakumbuki kutoka dukani, nimemuua.

Walimtoa nyuma. Alikuwa peku, shati lake halina kifungo hata kimoja, na mdomo umevimba. Alipita karibu yangu bila kunitazama. Nilitaka kumwambia "mara nne" lakini kulikuwa na askari amesimama kati yetu.

Dirisha lilikuwa wazi. Verse ya kwanza ya ile kaseti iliyokatwa ikacheza, ikazimwa, nikamsikia ajida akisema, "Imba. Ile yenye kurudia."

Deo akakohoa.

Halafu Deo akaanza. Maneno yale yale matano, sauti nyembamba, lakini tuni sawasawa. Mara ya pili. Ya tatu. Ya nne. Nikashusha pumzi.

Akaimba ya tano.

Nikasema moyoni, nyamaza Deo, imeisha, nyamaza. Ya sita. Ya saba. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango, midomo inacheza, anasoma dua. Askari mmoja pale uani akaanza kugonga buti chini kwa mapigo yake, mwenzake akacheka. Ya tisa. Ya kumi. Sauti ilikuwa inapasuka lakini haisimami. Nilikuwa nahesabu na kila namba naona inamvuta kule alikotolewa.

Ilipofika ya kumi na moja ajida akasema, "Inatosha."

Alitoka nje na kaseti zote mbili mkononi. Akamwambia baba, "Mzee, hii moja iko nyimbo. Mtu haezi sahau." Halafu akanigeukia, akanionyesha ile niliyoikata. "Lakini hii haiko nyimbo. Hii mi ningekufunga nayo."

Akabaki nazo zote, na redio pia. Kitambulisho cha Deo alikirudisha kwa baba, si kwa Deo.

Tukarudi. Mimi nilijaribu kuomba msamaha mara mbili, baba akanikata kwa jicho. Wiki ile ile mama yake Deo akamrudisha Bujumbura. Niliiteketeza ile katoni jikoni kwa mama, na moshi wake unanuka vibaya, asikudanganye mtu.

Sisi tuliondoka 1993. Ya 1994 sitaandika hapa, yana watu wake wa kuyaandika, na mtaani kwetu ninayo majina mengi ya waliouawa.

Deo yu hai. Ana duka lake la ushonaji na wajukuu. Miaka michache iliyopita nikampata kwa simu, nikaona nimlipe heshima yake. Nikamwambia bwana, ule ubishi ulishinda wewe. Chorus ndiyo inayomwambia mgeni kwamba huu ni wimbo. Bila chorus ni wanaume wanaotoa amri. Ningekuachia japo moja, usingekamatwa.

Nikamuuliza, kwa utani, mbona siku ile alipitiliza, wimbo una mara nne yeye kaimba kumi na moja?

Akasema, "Ndugu yangu, miye nilijua ni mara ine. Kule nyuma tulikuwa watu watatu. Wale wawili waliitwa, wakajibu, wakanyamaza, wakatolewa kwa mlango ule mwingine, sikuwaona tena. Nikasema miye sitanyamaza mpaka mtu aniambie."

Nikamuuliza habari za wajukuu.

Basi wakuu, hoja ziko wazi. Anayesema chorus zikirudiwa zinaharibu wimbo aje na sababu zake, nitamsoma kwa adabu na sitamtukana mtu. Mimi funzo langu nililipata uani pale: usimkatie mtu kitu kwa sababu wewe hukihitaji.

Ila msinitumie link ya wimbo. Siku hizi chorus ikifika mara ya tano huwa natoka nje.