Jogoo wa Shukrani

Kuachwa na mlevi au mwongo kuna nafuu yake: unapata mtu wa kumlaumu. Mimi sikumpata. Tuliachana mchana kweupe, kwenye benchi la mama muuza samaki karibu na Ziwa Babati, na hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake. Yeye ni Mwislamu, mtoto wa watu wa Kondoa, anauza spea za pikipiki jirani na stendi. Mimi ni Mlutheri, mwalimu wa shule ya msingi, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumejidanganya kwamba suala la dini litajimaliza lenyewe tukilinyamazia vya kutosha.

Halikujimaliza. Baba zake wadogo walianza kuuliza nitasilimu lini. Upande wetu, mzee wa kanisa aliuliza kijana atabatizwa lini, na akanikumbusha kwamba nikifunga ndoa bomani nitatengwa na meza ya Bwana. Siku ile kwenye benchi, mwenzangu alimsogeza samaki pembeni akasema, "Mimi siwezi kukuomba uache kitu ambacho mwenyewe nisingekiacha." Nikamwambia hata mimi siwezi kumwomba. Kama angenitukana ningefurahi.

Babati ni mji mdogo kwa mtu aliyeachana na mpenzi wake. Ukitaka sokoni, unapita stendi. Ukitaka benki, unapita stendi. Nilianza kuzunguka njia za nyuma, vumbi mpaka magotini, ili nisione mlango wa duka lake. Mwishowe nikaamua kuhama. Nilimwambia mwalimu mkuu anisaidie kupata mwalimu wa kubadilishana naye kituo, iwe Singida, iwe Dodoma, popote. Akasema atanitafutia kabla muhula haujaisha. Nikawa naishi kama msafiri, hata sufuria mpya sikununua.

Kilichoniumiza zaidi hakikuwa stendi. Kilikuwa pongezi za kanisani. Watu walinishika mkono baada ya ibada kama mtu aliyefaulu mtihani. "Hongera, umeshinda." Nimeshinda nini, na nani ameshindwa? Mwenzangu mmoja wa kwaya aliniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na papo hapo akanitajia mwanamume mmoja wa Nangara aliyefiwa na mke, Mkristo safi, mwenye ng'ombe wa maziwa. Nikamuuliza kama ng'ombe nao wamebatizwa. Alininunia mpaka mazoezi ya wiki iliyofuata.

Nyumbani nilikuwa sisali. Nilikuwa nagombana. Nilimwambia Mungu: nimekuchagua wewe, nimemwacha mtu ninayempenda kwa ajili yako, sasa mbona umekaa kimya? Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli. Na bado Jumapili nilivaa sare ya kwaya nikaenda, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kupeleka hasira hiyo.

Jumapili moja, wakati wa matangazo, mwinjilisti alisimama na karatasi yake. Akasema kuna shukrani ya pekee kutoka kwa mama yetu wa Sigino, anayemshukuru Mungu kwa kumwokoa binti yake na ndoa isiyo ya imani yetu. Mama wa Sigino ni mama yangu. Binti ni mimi. Hakuwa ameniambia neno.

Kwetu shukrani ya pekee ni jambo kubwa. Mtu amepona, amejifungua salama, mtoto amefaulu, basi analeta alichonacho shambani, familia inasimama pamoja naye, na kwaya inamsindikiza kwa wimbo hadi madhabahuni. Kwa hiyo kwaya yangu ilitakiwa kusimama na kuniimbia mimi. Mwalimu wa kwaya alinitazama, mkono ukiwa hewani. Wenzangu wakaangalia sakafu.

Mama alikuwa anakuja katikati ya kanisa na jogoo mwekundu kwapani, aliyefungwa miguu kwa kipande cha kanga. Nyuma yake shangazi yangu amejitwika debe la mbaazi. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi. Uso wake ulikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona kwa muda mrefu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote mitatu alikuwa hajalala vizuri. Nilitaka kukimbilia nje. Nikashuka, nikasimama naye.

Mchungaji akampa kipaza sauti. Mama husali kwa Kiiraqw, na Kiswahili cha mbele za watu humtetemesha. Akanipa mimi kipaza sauti, akaninong'oneza, "Shukuru, mwanangu."

Nikasema, "Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Namshukuru Mungu kwa ajili ya huyo kijana. Hakunikosea. Nilipougua typhoid, yeye ndiye aliyenipeleka hospitali, na mama yake ndiye aliyenipikia uji. Mimi sikuokolewa kutoka kwake. Nimempoteza, na inaniuma. Naomba mniombee nisiwe na uchungu moyoni. Na yeye mumwombee apate mke mwema."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alikohoa, kisha akasema tuombe, na aliomba kwa ajili ya "kijana wetu" bila kuuma maneno. Mimi sikufumba macho. Nilikuwa namtazama mama, ameinamisha kichwa, na nilijua nimemwaibisha mbele ya kanisa zima akiwa kwenye gauni lake la Krismasi.

Baada ya ibada kuna mnada. Mazao yote ya sadaka hutolewa nje, mzee wa kanisa huyanadi, na watu hununua kwa kelele na vicheko. Mbaazi zikaenda. Mzee akamnyanyua jogoo juu, na mtu wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mama. Watu wakacheka: mama, si umemleta mwenyewe? Mama hakucheka. Fundi seremala mmoja alitaja bei ya juu zaidi, naye mama akaongeza tena, mpaka fundi akamwachia.

Mama akaja nilipokuwa nimesimama, akanikabidhi jogoo.

"Mpelekee mama yake."

"Mama yake nani?"

"Aliyekupikia uji. Mimi sikujua habari za uji. Mpelekee akiwa mzima, watachinja wenyewe."

"Mama, niende pale na jogoo?"

"Kwani unataka kwenda na simba?"

Basi nilikwenda kwao, Nakwa, na sare yangu ya kwaya, jogoo kwapani, watoto wakinifuata. Mama yake alikuwa uani anachambua mchele. Mwanawe hakuwepo, na nilishukuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu." Aliniita hivyo siku zote. Akamtazama jogoo. "Karibu. Na huyu?"

"Mama yangu amenituma nikuletee. Ametoa shukrani kanisani leo."

"Anashukuru nini?"

Uongo wa haraka sina. "Anashukuru kwamba sikuolewa hapa."

Aliweka ungo chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua nimeharibu kila kitu, nimemliza mama wa watu nyumbani kwake. Lakini alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, na sisi tulisoma dua," akasema. "Ijumaa ya wiki ile ile mliyoachana. Tukaita na majirani. Kumshukuru Mungu kijana hakutoka kwenye dini."

"Mkala nini?"

"Pilau ya nyama."

"Mimi nimetolewa jogoo mmoja tu!"

Hapo nikacheka na mimi, kicheko cha kwanza tangu siku ile ya ziwani, mpaka nikakaa chini kwenye mkeka wake. Mama wawili, kila mmoja kwa upande wake, wamemshukuru Mungu kwa jambo lile lile ambalo mimi na mwanawe tulikuwa tunalilia. Nilipomaliza kucheka nikakuta nalia, na yeye pia analia, anajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Lakini nilikuwa nakupenda," akasema.

"Najua, mama. Na mimi."

Jogoo alikuwa ameshafunguliwa, anadonoa punje za mchele pembeni ya ungo. Kisha mama akaniuliza kama ni kweli alivyosikia mjini, kwamba natafuta kuhama.

"Nilikuwa natafuta," nikamjibu. "Sihami tena."

Sikuwa nimelipanga jibu hilo. Lilinitoka tu, na nilipolisikia nikajua ni la kweli: mlango niliokuwa naukwepa kule stendi haukunitisha tena.