Sindano za Pindo

Wateja walimwita Pindo, kwa jinsi alivyopinda nguo hadi uzi usionekane. Fundi huyu alifukuzwa na mumewe kwa sababu ya mabaka mekundu yaliyomtoka kinenani na sehemu za siri, yakawasha na kupasuka hata kukaa kwenye cherehani kukawa adhabu. Mumewe, dereva wa lori, hakumpeleka hospitali. Aliwaita ndugu zake sebuleni, akasema mbele ya mama yake, "Huyu kaniletea ugonjwa wa uchafu. Mnajua wenyewe unakopatikana."

Pindo alihamia kwa dada yake na begi moja. Hakulia. Aliapa tu kwamba maneno yale yatafutwa sebuleni mle mle.

Daktari wa ngozi alimwambia ni soriasisi, haiambukizi wala haitokani na uchafu. Akamweleza kuhusu utafiti wa sindano kwa wenye mabaka sehemu hizo.

"Baadhi yenu mtaanza na maji yasiyo na dawa, na hata mimi sitajua ni nani. Baada ya miezi minne wote mtapata dawa. Unaweza kujitoa wakati wowote."

"Sijitoi," alisema Pindo. "Kuna watu nataka niwaonyeshe."

Miezi minne alivua nguo mbele ya muuguzi mwenye rula, akachomwa tumboni, na mabaka yakabaki vile vile.

"Acha, mdogo wangu," dada yake alimsihi. "Wanakuchezea."

Kila alipotaka kukubali, aliikumbuka sebule ile na hasira ikampanda upya. Zamu ya dawa ilipofika, sindano ya pili ikakomesha kuwasha. Kufikia ya tano, ngozi ilikuwa laini. Daktari alimwonya kwamba akiacha huenda yakarudi. Pindo akaomba barua ya kueleza ugonjwa wake.

Jumapili ndugu wa mume walipokutana, aliingia bila hodi, akampa shemeji yake mwalimu ile barua aisome kwa sauti. Alipofika kwenye "si ugonjwa wa zinaa", mume aliinuka kitini.

"Mke wangu," dereva akaanza, "yaliyopita si ndwele. Rudi nyumbani."

"Ndwele uliitangaza wewe. Sema ulinisingizia."

"Nilikusingizia," alinong'ona.

"Sauti! Mama hasikii vizuri."

Akarudia. Pindo akamtaka aseme tena, amtazame mama yake. Akasema, jasho likimtiririka, na mama mtu akainamisha uso.

"Talaka yangu iandike," Pindo alisema, akaaga wakubwa kwa adabu, akatoka.

Nje dada yake alimuuliza kama moyo umetulia.

"Bado. Ningemtaka aseme mara ya nne."